Mkutano uwanjani, msafara, kukaa ndani au kususia vipindi: wanafunzi mchague lipi?

Vikao vingi vya wanafunzi vinavyoandaa maandamano hufika mahali pamoja. Malalamiko yameshaandikwa, watu wana hasira, na mmoja anasimama kusema twende jengo la utawala sasa hivi. Mwingine anataka geti lifungwe. Wa tatu, ambaye mara nyingi huzomewa, anauliza kama uwanja umeombwa. Kuanzia hapo mjadala unageuka kuwa wa nani jasiri na nani mwoga, na njia inachaguliwa na mwenye sauti kubwa.

Hapa nazilinganisha njia hizo kwa vipimo viwili ambavyo vikao vya namna hiyo huviruka. Kwanza, njia inagusa kanuni ya nani, na adhabu yake inamwangukia nani. Pili, na kwangu hiki ndicho kizito zaidi, nani ana uwezo wa kuifunga shughuli. Kama kiongozi wenu anaweza kutangaza "tumemaliza, tutawanyike" na watu wakatawanyika, mko salama kiasi. Mkishaingia katika njia ambayo mwisho wake umeshikwa na polisi, na mahakama au na uchovu wa watu wenu wenyewe, basi usalama wenu mmeukabidhi kwa wengine, hata kama hamkukusudia.

Kanuni ziko ngazi tatu, na hazisomani

Haki ya kukusanyika kwa amani imo katika ibara ya 20 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, na katika ibara ya 21 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966. Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa Maoni ya Jumla namba 37 kuifafanua ibara hiyo ya 21. Humo mna mambo matatu ambayo kiongozi wa wanafunzi anafaa kuwa nayo kichwani. Kutoa taarifa hakupaswi kugeuzwa kuwa kuomba ruhusa. Kusukumana kidogo au kukwamisha magari kwa muda hakutoshi kuufanya mkusanyiko uitwe wa vurugu. Na mtu mmoja akirusha jiwe, kosa lake halibebeshwi umati mzima.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Ngazi ya pili ni sheria ya nchi, na hapo tofauti ni kubwa. Kenya inataka polisi wapewe taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya mkusanyiko wa hadhara. Tanzania inataka saa 48. Nchini Marekani, kinga ya katiba juu ya uhuru wa kusema inavibana vyuo vya umma, lakini chuo binafsi hakibanwi nayo moja kwa moja, kwa hiyo wanafunzi wa vyuo viwili vilivyotenganishwa na barabara wanaweza kuwa na haki tofauti wakiwa na bango lilelile mkononi.

Ngazi ya tatu ni kanuni za chuo chenyewe, na hizi ndizo zinazowaponza wengi kwa sababu hakuna anayezisoma mpaka aitwe kwenye kamati ya nidhamu. Tafuteni ndani yake mambo haya: maeneo yanayoruhusiwa kukusanyika, saa za kutumia spika, kulala nje, kufunika uso, na kuleta watu wasio wanachuo. Halafu tafuteni neno "kuvuruga". Likiandikwa bila maelezo, mtu yeyote anaweza kuingizwa humo. Andikeni barua kuuliza maana yake kabla ya tukio, na jibu mlitunze. Ofisi ikishaandika kwamba mkutano wa saa sita mchana uwanjani hauvurugi masomo, itapata shida kusema vingine wiki inayofuata.

Jambo jingine ambalo wanafunzi huligundua wakiwa wameshachelewa: mahakama na kamati ya nidhamu ni njia mbili zinazokwenda sambamba. Kufutiwa kesi mahakamani hakufuti shauri la chuo, na kamati haihitaji ushahidi mzito kama ule wa kesi ya jinai. Tena haina haraka. Wanafunzi walioingia jengo la Hamilton Hall katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwishoni mwa Aprili 2024 wakipinga vita vya Gaza walitangaziwa adhabu mwezi Machi 2025: wapo waliofukuzwa, waliosimamishwa kwa miaka, na waliohitimu ambao shahada zao zilifutwa kwa muda.

Huu hapa mchoro wa jumla, kisha nitaingia ndani penye uzito.

| Njia | Kanuni inayoguswa kwanza | Hatari kubwa ya mwili | Nani anaifunga |
|---|---|---|---|
| Mkutano uwanjani | Kuomba eneo, spika | Msongamano, jua | Ninyi |
| Msafara | Taarifa polisi, barabara | Magari, geti, kutawanywa | Ninyi, mpaka mkitoka geti |
| Kusimama kimya | Karibu hakuna | Wapita njia wakorofi | Saa |
| Kukaa ndani ya jengo | Kuingia bila ruhusa, milango ya moto | Kutolewa kwa nguvu, moto | Chuo au polisi |
| Kambi ya mahema | Kulala eneo la chuo | Usiku, wapinzani, usafi | Hajulikani |
| Kususia vipindi | Mahudhurio, mitihani | Ndogo | Kalenda ya masomo |

Mkutano uwanjani na msafara

Hizi mbili ndizo zinazogombaniwa zaidi, na mara nyingi msafara hushinda kwa sababu unaonekana una nguvu. Kweli unaonekana. Watu 300 wakipita katikati ya chuo wanaonekana kuwa wengi kuliko watu 300 waliosimama pembeni ya uwanja mkubwa. Ila wasimamizi wachache wanaotosha uwanjani hawatoshi kwenye msafara, maana msafara una kichwa, kiwiliwili na mkia, na kichwa kikisimamishwa mkia hauna habari, unaendelea kusukuma.

Uwanjani unaona kingo zote za umati. Unajua maji yako wapi, mhudumu wa huduma ya kwanza kakaa wapi, njia za kutokea ni ngapi. Mtu akizimia, wenzake wanaweza kupisha. Zaidi ya yote, mtu akija na jambo lake tofauti unamwona. Msafara hauna kinga hiyo. Unapokea kila anayejiunga njiani, na asilimia ndogo ya watu hao haikuja kwa ajili ya hoja yenu.

Mahali pa kuangalia kwa makini kwenye msafara ni geti. Ndani ya geti mna kesi na mshauri wa wanafunzi na walinzi wa chuo. Nje yake mna kesi na polisi na sheria ya nchi. Watu huvuka mstari huo bila kuamua, kwa sababu waliokuwa mbele walivuka. Amueni kwenye kikao kama msafara unaishia ndani au unatoka, na kama unatoka, taarifa iliyopelekwa polisi itaje njia yenyewe, barabara kwa barabara. Halafu msibadilishe njia siku hiyo.

Geti pia ni kibanio. Watu wanne katika mita moja ya mraba bado wanaweza kugeuka na kutembea kwa hiari yao. Wakifikia sita au saba, mwili haujiamulii tena. Wimbi la kusukumana linapita katikati ya umati na anayeanguka hainuki kirahisi. Karibu na geti, ngazi au daraja dogo, wasimamizi wakate msafara vipande, kila kipande kisubiri cha mbele kipite. Ukijikuta umebanwa, weka mikono kifuani kama bondia ili mapafu yapate nafasi, usishindane na wimbi, sogea kwa mshazari kuelekea pembeni kila linapolegea. Ukiangusha simu, iache.

Msafara una udhaifu mwingine usiotajwa: mabango. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Walifika mpaka Ikulu. Bango moja lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Rais Nyerere alikasirika, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Walikuwa na hoja kuhusu makato ya mshahara na muda wa utumishi, jambo la kujadilika kabisa, lakini kinachokumbukwa mpaka leo ni lile bango. Uwanjani mtu wa kukagua mabango anakaa mlangoni mwa shughuli. Kwenye msafara bango linaibuka katikati na picha inapigwa kabla hujalisoma.

Je, mkutano uwanjani ni butu? Mwezi Machi 1965, walimu wa Chuo Kikuu cha Michigan waliopinga vita vya Vietnam walipanga kuacha kufundisha kwa siku moja. Wakashambuliwa na wanasiasa kwamba wanawanyima wanafunzi haki yao. Walibadili mpango: wakafundisha usiku kucha kuhusu vita vyenyewe, tarehe 24 kuamkia 25. Walikuja watu zaidi ya 3,000. Katikati ya usiku kukatokea vitisho vya bomu, watu wakatoka nje na mkutano ukaendelea hukohuko. Kanuni haikuvunjwa, hakuna kipindi kilichopotea, na ndani ya majuma machache vyuo vingine vingi vikaiga. Nauona kuwa mfano bora kabisa wa kubadili njia bila kubadili hoja.

Lakini nisiuuze mkutano uwanjani kama dawa. Tarehe 4 Mei 1970, katika Chuo Kikuu cha Kent State huko Ohio, mkutano ulipangwa kufanyika uwanjani saa sita mchana. Chuo kilikuwa kimeupiga marufuku kwa vipeperushi, na askari wa Gadi ya Taifa walikuwa tayari eneo la chuo. Katika kuwatawanya watu, askari walifyatua risasi 67 kwa sekunde 13. Wanafunzi 4 walikufa, 9 walijeruhiwa. Wawili kati ya waliokufa hawakuwa waandamanaji. Walikuwa wanapita wakielekea kwenye vipindi. Saa ile watu walikuwa wanabadilishana madarasa, na umati wa waandamanaji ulichanganyika na umati wa wapita njia hata isijulikane nani ni nani.

Kwa hiyo saa ni sehemu ya uchaguzi. Saa ya kubadilisha vipindi inawapa watazamaji wengi, na inawapa pia watu wengi msioweza kuwasimamia. Napendelea nusu saa baada ya vipindi kuanza au kumalizika. Na kama silaha za moto zimeshaingia chuoni, ahirisheni. Sina maelezo marefu hapo.

Kusimama kimya

Njia hii inadharauliwa. Baada ya paa la kituo cha treni cha Novi Sad, Serbia, kuanguka tarehe 1 Novemba 2024 saa 5:52 asubuhi na kuua watu, wanafunzi na raia walianza kusimama kimya barabarani saa hiyohiyo, dakika 15 kwa ajili ya marehemu 15 wa wakati huo. Kila mtu alijua inaanza lini na inaisha lini. Hakuna aliyehitaji kutangaza kutawanyika, saa ilitangaza.

Faida yake kiusalama ni hiyo. Umati unaopiga kelele unaweza kuambiwa umefanya fujo. Umati ulio kimya kwa dakika 15 ni vigumu kuuundia kosa, na anayeuvamia anajianika mwenyewe. Ndivyo ilivyotokea Belgrade Novemba hiyo: wanafunzi wa sanaa za maigizo walishambuliwa wakiwa wamesimama kimya, na shambulio hilo ndilo lililochochea vyuo kufungwa kimoja baada ya kingine. Ila barabara ni barabara. Mwezi Januari 2025 mwanafunzi aligongwa na gari katika kusimama huko. Mkisimama penye magari, wasimamizi wenye vizibao vya rangi kali wakae mita nyingi mbele ya umati pande zote mbili, na umati usiingie barabarani mpaka magari yawe yamesimama kabisa.

Inafaa sana mkiwa wachache. Watu ishirini kwenye msafara wanachekesha. Watu ishirini waliosimama kimya kwenye ngazi za maktaba kila siku saa ileile, kwa majuma mawili, hawachekeshi.

Kukaa ndani ya jengo au kukaa mlangoni

Kukaa chini kama njia ya kupinga kuna heshima yake katika historia ya wanafunzi. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne walikaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro, Marekani, ambako watu weusi hawakuruhusiwa kuketi. Walikuwa wamevaa nadhifu, walikuwa wameshanunua vitu vidogo dukani humo na kubaki na risiti, ili waweze kuuliza kwa nini pesa yao inapokelewa upande mmoja na kukataliwa upande wa pili. Kaunta ile ilifunguliwa kwa wote Julai mwaka huohuo. Watu hukumbuka ujasiri. Mimi nakumbuka risiti.

Chuoni swali ni ndani au nje ya mlango, na tofauti ni kubwa kuliko hatua mbili tatu zinazozitenganisha.

Ndani ya jengo mnagusa kanuni nyingi kwa mpigo: kuingia bila ruhusa baada ya saa za kazi, kuzuia njia za dharura, kuzuia wafanyakazi kazini, na kama kioo kimevunjika, uharibifu wa mali. Mnabeba pia lawama ya kila kilichopotea humo, hata kama hamkukigusa. Kiusalama, ndani hakuna mashuhuda. Polisi wakiingia usiku, taa zikazimwa na wanahabari wakasogezwa mbali, kitakachotokea kitakuwa neno lenu dhidi ya lao.

Mlangoni, kwenye ngazi, mnaonekana. Mwezi Novemba 2011, katika Chuo Kikuu cha California huko Davis, wanafunzi walikaa chini kwenye njia wakiwa wameshikana mikono, na polisi wa chuo akapita mbele yao akiwapulizia dawa ya pilipili usoni. Ilikuwa mchana, nje, mbele ya simu nyingi. Picha zilienea duniani, na mwaka uliofuata chuo kilikubali kulipa dola milioni 1 kumaliza shauri. Kuwa nje hakukuwaepusha na maumivu. Kulifanya ukweli usibishaniwe.

Jengo lilelile la Hamilton Hall linatoa ulinganisho ambao hauhitaji kutafutwa. Aprili 1985 wanafunzi waliotaka chuo kiondoe uwekezaji wake katika makampuni yaliyofanya biashara na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi walikaa kwenye ngazi, mbele ya mlango mkuu. Walikaa majuma matatu, mchana na usiku, wakahutubiwa na wageni, wakafuatwa kwa amri za mahakama badala ya virungu. Waliondoka wenyewe, na kabla mwaka haujaisha bodi ya chuo ikapiga kura kuuza hisa hizo. Aprili 2024 wanafunzi walivunja kioo wakaingia ndani usiku. Polisi walikuwa wameingia kupitia dirisha la ghorofa kabla saa 24 hazijapita, na zaidi ya watu 100 wakakamatwa ndani na nje. Najua mazingira ya miaka hiyo hayafanani, utawala haukuwa uleule na siasa hazikuwa zilezile. Hata hivyo wale wa nje ya mlango walikuwa na majuma matatu ya kuzungumza, na wale wa ndani hawakuwa na siku nzima.

Nitatoa kasoro moja kwa hao wa 1985: walifunga mlango kwa minyororo. Usifunge mlango kwa mnyororo, usiku au mchana, kwa sababu yoyote. Moto ukizuka, au mtu wa pumu akizidiwa, mnyororo ule unaweza kugeuza hoja yenu kuwa msiba.

Je, kukaa ndani hakufai kamwe? Katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Desemba 1964, wanafunzi walijaa jengo la utawala, Sproul Hall, kudai uhuru wa kufanya shughuli za kisiasa chuoni, na karibu 800 wakakamatwa. Siku chache baadaye baraza la walimu lilipiga kura 824 kwa 115 kuunga mkono madai yao. Lakini kura ile haikushuka kutoka mbinguni. Miezi ya nyuma yake ilijaa barua, vikao na mikutano ya mchana uwanjani, na walimu wengi walishaielewa hoja kabla ya mtu wa kwanza kukamatwa. Kama walimu wenu hawajui mnadai nini, msiingie ndani.

Mkiamua kuingia hata hivyo: ingieni saa za kazi jengo likiwa wazi, msiguse mafaili wala kompyuta, acheni njia pana ya kupita, na kila mtu awe ameambiwa mapema, kwa lugha isiyozunguka, ni onyo la ngapi litakalomfanya anyanyuke. Kila mmoja aamue mwenyewe. Atakayetoka baada ya onyo la kwanza asiitwe msaliti.

Kambi

Kambi ya mahema ndiyo njia ninayoisita zaidi, si kwa sababu ya kanuni. Ni kwa sababu haina mwisho. Mkutano una saa ya kufunga. Kambi ina siku ya kufungua tu. Kila usiku unaopita, walio makini wanachoka na kurudi mabwenini kusoma, na wanaobaki ni wale wasio na pa kwenda au wenye hasira kuliko wote. Kisha kuna vyoo, mvua, vitu kuibwa, wageni wasiojulikana, na usalama wa wanawake usiku, jambo ambalo lazima liwe na watu maalumu wa zamu, siyo ahadi.

Kuna pia wapinzani. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 2024, kambi ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilivamiwa na kundi la wapinzani kwa saa kadhaa kabla polisi hawajaingilia kati. Watu waliolala hawawezi kujipanga.

Kambi zilizoisha vizuri ziliisha kwa makubaliano. Chuo Kikuu cha Brown, jimbo la Rhode Island, kilikubali tarehe 30 Aprili 2024 kwamba bodi itapigia kura dai la wanafunzi la kuondoa uwekezaji katika makampuni yanayohusishwa na Israeli mwezi Oktoba, na mahema yakaondolewa siku hiyohiyo. Kura ilipopigwa, dai lilikataliwa. Wapo wanaosema wanafunzi walidanganywa. Mimi naona walipata walichoweza kupata bila mtu kuvunjwa mkono, na dai lao likaingia kwenye kumbukumbu za bodi. Ukipiga kambi, andika kabla ya hema la kwanza ni jambo gani dogo kabisa likitolewa mtafungasha. Mkishindwa kukubaliana juu ya jambo hilo, hamjawa tayari kwa kambi.

Kususia vipindi

Hapa hatari ya mwili inapungua, inabaki ya masomo. Hakuna umati, hakuna geti. Lakini vyuo vingi vina kiwango cha mahudhurio ambacho ukikishuka huruhusiwi kukaa mtihani, na wasusiaji hawaumii sawa. Mwenye ufadhili anaweza kuupoteza. Mwanafunzi wa kigeni ambaye kibali chake cha kuishi nchini kinategemea usajili anaweza kujikuta na matatizo na idara ya uhamiaji kwa sababu ya majuma mawili. Wa mwaka wa mwisho anaona mwaka mzima ukiyeyuka. Wa mwaka wa kwanza hajui hata anachosusia.

Kwa hiyo ususiaji hufaa ukiwa mfupi na wenye tarehe, siku moja au mbili, na ukiungwa mkono na walimu walio tayari kurudia kipindi. Serbia walikwenda mbali zaidi, wakafunga vitivo kwa miezi na kuamua kila jambo katika mikutano mikuu ya wanafunzi wote. Waziri mkuu alitangaza kujiuzulu Januari 2025. Gharama ilikuwa muhula mzima na zaidi. Msiige nusu ya kwanza bila kuitazama nusu ya pili.

Kuwazuia kwa nguvu wasiotaka kususia ni jambo jingine kabisa. Ukimshika mwenzako shati asiingie darasani, umeshatoka kwenye maandamano ya amani, na kanuni zote nilizotaja juu zinakugeukia kwa haki.

(Kugoma kula sikukuingiza kwenye mchoro makusudi. Ni njia ya mtu mmoja juu ya mwili wake, inahitaji daktari tangu siku ya kwanza, na hakuna kikao kinachopaswa kumpigia mtu kura afanye hivyo.)

Nani achague nini

Kama hoja yenu bado haijulikani chuoni, chagueni mkutano uwanjani, wenye walimu wawili watatu wa kuzungumza, na kabla yake barua yenye saini na muhuri wa kupokelewa. Barua haitafanya kazi peke yake. Itakuwa ushahidi kwamba mlianza kwa njia ya kawaida. Kama hoja inajulikana lakini mko wachache, simameni kimya kila siku. Mkiwa wengi na wasimamizi wanatosha, kwa hesabu yangu msimamizi mmoja kwa watu 30, fanyeni msafara wa ndani ya chuo unaoanzia uwanjani na kurudi uwanjani. Usiishie kwenye jengo la utawala, maana umati uliofika mlango uliofungwa huanza kutafuta la kufanya. Kaeni mlangoni, nje, pale tu utawala ulipokataa kabisa kukutana nanyi na mna ushahidi wa maandishi wa kukataa huko.

Kwa njia yoyote mtakayochagua, namba ya wakili iandikwe mkononi kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Simu ifungwe kwa namba ya siri badala ya alama ya kidole. Picha za tukio zipigwe, ila nyuso za wenzenu zifichwe kabla ya kurushwa. Anayevaa lensi machoni avae miwani siku hiyo. Moshi wa mabomu ya machozi ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo pandeni palipoinuka, kuelekea upepo unakotoka. Macho yaoshwe kwa maji safi mengi bila kusuguliwa. Maziwa yanayosifiwa sana hayazidi maji kwa lolote, na losheni yenye mafuta hunasa kemikali kwenye ngozi. Mwenye pumu apewe kazi ya mbali na umati: kuna waraka wa kuandika, kuna simu za kupokea.

Mkishafunga, msiondoke wote kwa mpigo. Watu sita wabaki kuokota mabango na chupa, wawili wapite hospitali na kituo cha polisi kuuliza kama kuna mwenzenu, na kila msimamizi aandike ukurasa mmoja usiku huohuo: saa, mahali, alichokiona kwa macho yake. Aliyoyasikia kwa wengine ayaandike kwenye karatasi nyingine.